Wewe Ndiye Dereva



Tarehe 6 Novemba 2022, siku ya Jumapili, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43. Watu 19 walifariki, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Siku ile, baada ya ibada, tulisimama nje ya kanisa kama ilivyo desturi yetu, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya habari hiyo. Kila mtu alimtaja rubani. Mmoja aliuliza kwa nini hakugeuza akaenda Mwanza, mwingine akasema labda hakuona vizuri. Mimi si mtaalamu wa ndege, wala kuhukumu marehemu si kazi yangu. Uchunguzi una wenyewe. Lakini kijana mmoja aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo, nami nikarudi nalo nyumbani. Aliuliza: "Hivi, rubani huamua peke yake kwamba safari iwepo?"

Tangu siku ile nimesoma kidogo kidogo na kuwauliza wanaojua. Leo naomba niwaeleze nilichokipata, kwa kuwa nimeona kwamba swali lile halihusu ndege tu. Linanihusu mimi, na nadhani linakuhusu na wewe, ndugu msomaji.

Jibu ni kwamba rubani haamui peke yake, au haifai aamue peke yake. Katika mashirika ya ndege kuna mtu abiria wasiyemwona kamwe. Cheo chake ni ofisa uendeshaji wa safari za ndege. Hapa nitamwita mpangaji safari. Naye hupewa leseni baada ya kusoma na kufaulu mtihani, na hapa Tanzania leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kabla ndege haijaondoka, yeye huangalia hali ya hewa ya uwanja wa mwanzo, ya njiani na ya uwanja wa mwisho. Huangalia uzito wa abiria na mizigo. Huchagua uwanja mwingine wa kukimbilia ikiwa ule unaokusudiwa umefungwa kwa mvua au ukungu. Kisha hupiga hesabu ya mafuta: ya kufika, ya kwenda kwenye uwanja ule wa akiba, na juu ya hayo akiba ya mwisho ambayo, kwa ndege kubwa za kisasa, haipungui dakika 30 angani. Ndege ikisharuka, hubaki mezani kwake akifuatilia, na likizuka jambo humpasha rubani habari.

Sisi watu wa Kilosa hatupati shida kumwelewa mtu huyu, maana tumelelewa na reli. Tangu enzi za Wajerumani dereva wa treni na stesheni masta wamekuwa watu wawili wenye kazi moja. Tulipokuwa watoto tulikwenda kuangalia treni, na tuliona kwamba dereva, pamoja na ukubwa wote wa injini yake, hakuthubutu kuondoka mpaka apewe kibali. Stesheni masta alipiga simu kwanza stesheni ya mbele kuuliza kama njia ni tupu. Njia ni moja, na treni mbili haziwezi kupishana juu yake. Hata huko Mikumi, ndani ya hifadhi, ndege ndogo za watalii zinahitaji mtu wa chini wa kuwaangalia swala na pundamilia uwanjani na kuwafukuza kabla hazijatua. Yule mtu na gari lake la vumbi hana leseni ya urubani, lakini macho yake ni sehemu ya safari ile.

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Ikiwa watu wawili wanashika jambo moja, mmoja akikaa penye hatari na mwingine akikaa kitini salama, ni nani mwenye dhamana? Na je, yule wa kitini ana haki gani ya kumwambia yule wa penye hatari, "Hapana, usiende"?

Mataifa hayakulijibu kwa namna moja. Huko Marekani, mwezi Mei 1935, ndege ya abiria ilianguka katika jimbo la Missouri, na Seneta Bronson Cutting akafa. Mambo ya usalama wa anga yakachunguzwa sana, na mwaka 1938 ikatungwa sheria mpya. Kwa kanuni zao, rubani mkuu na mpangaji safari wana dhamana ya pamoja juu ya safari ya shirika la ndege. Ndege haiondoki mpaka wote wawili wakubali. Mmoja akisema hapana, haiondoki. Nchi nyingine nyingi zimemwachia rubani sehemu kubwa ya uzito huo, na mpangaji safari huhesabiwa kuwa msaidizi wake. Lakini sheria iwe hii au ile, swali la dhamiri linabaki palepale, na ajali moja inalionyesha vizuri kuliko maneno yangu.

Tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya shirika dogo la LaMia ilitoka Santa Cruz, nchini Bolivia, kwenda Medellín, nchini Kolombia. Ilichukua wachezaji wa timu ya mpira ya Chapecoense ya Brazili, viongozi wao na waandishi wa habari. Hati ya safari ilionyesha kwamba safari ingechukua saa 4 na dakika 22. Hati ileile ilionyesha kwamba mafuta yaliyomo yangetosha kwa saa 4 na dakika 22. Mwanafunzi wa darasa la nne angeona kasoro. Pale uwanjani ofisa mmoja wa mamlaka, mwanamke, aliiona, akamwuliza mpangaji safari wa shirika lile. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, alijibiwa kwamba rubani ndiye aliyesema hivyo, na kwamba wangefika kabla ya muda ule. Hati ikapita. Ndege ikaishiwa mafuta ikiwa karibu kufika, ikaanguka mlimani usiku. Kati ya watu 77 walikufa 71. Mpangaji safari alikuwamo ndani ya ndege, naye alikufa.

Tuangalie neno lililosemwa: rubani ndiye aliyesema. Lilikuwa neno la kweli. Rubani alikuwa amesema. Tena rubani yule alikuwa mmoja wa wenye shirika, kwa hiyo mwenye usukani na mwenye mali walikuwa mtu mmoja. Nani angethubutu kumpinga? Wasomaji wa Matendo ya Mitume, sura ya 27, watakumbuka jambo linalofanana na hili. Paulo, mfungwa, aliwaonya kwamba safari ile ingekuwa na madhara na hasara nyingi. Lakini akida aliyekuwa na mamlaka aliwasadiki zaidi nahodha na mwenye merikebu. Watu 276 walipona kwa rehema ya Mungu, ila merikebu na shehena vilipotea. Siku zote nilipofundisha habari ile nilimlaumu yule akida. Sikujua kwamba nami nilikuwa mtu wa namna yake.

Hapa yanipasa niseme habari yangu mwenyewe, ambayo sijapata kuiandika.

Mwaka 1990, wakati wa masika, nilikuwa mwalimu katika shule moja ambayo sitaitaja. Mkuu wa shule alikuwa safarini, nami nilimshikia nafasi. Wanafunzi walikuwa wamealikwa kwenye mashindano ya kwaya, na lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Walikuwa wamepanda, wamevaa sare safi, na wanaimba. Dereva, mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka mingi, alikuja ofisini kuchukua karatasi ya safari iliyotakiwa kutiwa sahihi yangu. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema, "Mwalimu, usiku mvua imenyesha sana milimani. Kile kijito kabla ya kufika barabara kuu sijui kimekuwaje. Unasemaje?"

Nilitazama dirishani, nikawaona watoto. Nikafikiri jinsi watakavyolia nikiwashusha. Nikafikiri mkuu akirudi atasema nini. Basi nikatia sahihi, nikamkabidhi karatasi, nikamwambia, "Mzee, wewe ndiye dereva."

Kijito kilikuwa kimejaa. Gari lilipofika katikati ya maji likasombwa upande, likalala juu ya mawe. Wanakijiji walikuja mbio na kamba, wakawatoa watoto wote wakiwa hai. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini msichana mmoja alivunjika mguu, na mpaka leo ni mama mzima anayechechemea. Dereva aliachishwa kazi kwa kosa la kuvusha wanafunzi katika maji mengi. Aliulizwa maswali mengi. Mimi sikuulizwa hata moja, na kwa kuwa sikuulizwa, sikusema.

Nimelifikiria neno langu lile kwa zaidi ya miaka 30. Lilikuwa neno la heshima kwa jinsi lilivyosikika: nilimwita mzee, nikakiri ujuzi wake, sikujifanya najua kuendesha gari. Lilikuwa pia neno la kweli, maana dereva alikuwa yeye. Lakini nililisema ili nikimbie. Mtu alikuja kwangu akitafuta mwenzake, nami nikamwonyesha kwamba yuko peke yake. Hapo nikajifunza kwamba neno la kweli lisilo na kosa hata moja laweza kutumika kumtupa mtu.

Najua baadhi yenu mtakuwa na hoja dhidi yangu, na hoja hizo ni za haki. Nitazitaja tatu.

Hoja ya kwanza: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kazi ikiwa na wakubwa wawili haiendi. Hili ni kweli kuhusu usukani. Angani, jambo la dharura likitokea, hakuna nafasi ya kikao. Rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kushika usukani ni jambo moja, na kuzuia safari ni jambo jingine. Mpangaji safari hamfundishi rubani kurusha ndege. Stesheni masta hapandi kwenye injini. Haki yao ni moja tu, kusema "bado". Wenye kuweza kusimamisha wakiwa wawili, chombo hakiendi mrama. Hukaa bandarini mpaka upepo utulie. Na hasara ya kukaa bandarini, ingawa ni hasara, inahesabika.

Hoja ya pili: dhamana ya wawili si dhamana ya mtu yeyote. Nami nasema hivi, maana nimesimamia mitihani mingi. Tulipokuwa wasimamizi wawili katika chumba kimoja, kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia, na watoto waliiba majibu kuliko siku niliyosimamia peke yangu. Kwa nini? Kwa sababu tuligawana kazi kama watu wanaobeba gogo, nusu kwako na nusu kwangu. Dhamana haigawanyiki hivyo. Rubani yampasa asome ile hesabu ya mafuta kana kwamba hakuna aliyeipiga kabla yake. Na mpangaji yampasa aipige kana kwamba hakuna atakayeisoma baada yake. Kila mmoja hubeba mzigo mzima. Wakifanya hivyo, kosa la mmoja hukutwa na macho ya pili. Wakigawana nusu kwa nusu, mahali pa kuunganisha nusu hizo ndipo watu hufia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kwetu, nayo ni heshima. Tumefundishwa kwamba mdogo hamkatalii mkubwa, na mafunzo hayo yametulea vizuri katika mambo mengi. Lakini usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilitoka Douala, nchini Kameruni, kuja Nairobi, wakati wa dhoruba ambayo iliwafanya wengine uwanjani wangoje. Iliondoka bila kibali cha mnara wa kuongozea ndege. Baada ya muda mfupi ikaanza kulala upande wa kulia polepole, na haikuinuka. Watu wote 114 walikufa. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi wake miaka 23. Wachunguzi, katika ripoti yao ya mwaka 2010, hawakuacha kutaja tabia za wawili hao: mkubwa mwenye kutawala, na mdogo mpole mbele yake. Yule kijana hakukosa adabu. Naogopa kusema kwamba adabu yake ndiyo iliyokosa kazi ya kufanya siku ile.

Basi tuache heshima? La hasha. Yatupasa tuulize heshima ni nini. Nikimwona mzee wangu anaelekea shimoni gizani, heshima si kumfuata kimya kwa hatua tatu nyuma. Heshima ni kumshika mkono. Tena wajibu huu hauko kwa mdogo peke yake. Mkubwa naye ana wajibu wa kuifanya njia iwe rahisi, ili kumwambia "hapana" kusihitaji ushujaa. Rubani anayeingia katika chumba cha mpangaji safari, akamsalimu kwa jina lake na kumwuliza, "Leo unaona nini usichokipenda?" amefanya kazi kubwa kabla hajagusa usukani. Rubani anayechukua karatasi bila kumtazama mtu machoni amemfundisha yule mtu kunyamaza.

Na kinyume chake pia ni kweli. Aliye kitini ana majaribu yake. Kwa kuwa haanguki na ndege, aweza kuwa mwepesi wa kusukuma: abiria wanangoja, shirika linapata hasara, wenzako wamekwenda, wewe unaogopa nini? Rubani akisema "leo siendi", neno lake lipokewe bila kejeli, na kesho yake asisimangwe. Mwenye kudai haki ya kusema hapana hana budi kuipokea hapana ya mwenziwe.

Miaka mingi baada ya lori lile nilimtafuta yule dereva. Alikuwa mzee sana, akilima bustani ndogo ya mboga. Nilimwambia niliyokuja kuyasema, kwamba kosa lilikuwa letu sote na adhabu ilikuwa yake peke yake. Hakukasirika, wala hakujifanya kwamba lilikuwa jambo dogo. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mwalimu, sikutaka unichukulie usukani. Nilitaka tuwe wawili." Kisha akanipa fungu la mchicha nipeleke nyumbani. Amekwisha kufariki. Nilikwenda pia mahali alipoachishwa kazi kuandikisha maelezo yangu, lakini waliokuwapo zamani hawakuwapo tena, na karatasi hazikuonekana. Ungamo lililochelewa husaidia aliyeungama zaidi ya aliyekosewa. Nalisema hili ili mwenye la kusema asingoje kama mimi.

Ndugu msomaji, huenda hutapanda ndege maisha yako yote. Lakini tazama mahali ulipo. Mhasibu wa kanisa huletewa hati ya malipo, nayo imekwisha kutiwa sahihi na mwenyekiti. Muuguzi huona kipimo cha dawa kilichoandikwa na daktari, naye anadhani kimezidi. Mzazi hupandisha watoto watatu kwenye pikipiki ya kijana wa bodaboda, mvua inanyesha, na kijana anamtazama kana kwamba anauliza. Kila mmoja wa hawa ana neno tayari mdomoni: mwenyekiti amekubali, daktari ndiye ajuaye, wewe ndiye dereva. Kabla hujalisema, jiulize kama unalisema kwa kumheshimu mwenzako au kwa kumwacha.

Na yule kijana aliyeuliza nje ya kanisa, hili ndilo jibu langu, ingawa limechelewa. Rubani huonekana yuko peke yake kwa sababu jina lake ndilo tunalolisikia. Lakini nyuma ya kila safari kuna mtu aliyetia sahihi akiwa amekaa kitini. Tumwombee rubani, kama tulivyozoea. Tumwombee na huyu wa pili, apewe macho ya kuona kasoro na moyo wa kuitaja wakati watoto wamekwisha kupanda na wanaimba.